Mvua "katika maeneo machache"

Kuna sentensi moja ambayo kila Mtanzania mwenye redio anaijua kwa kichwa: "Vipindi vya mvua na ngurumo katika maeneo machache, na vipindi vya jua." Masika yakikolea, hasa Aprili, sentensi hiyo husomwa wiki nzima bila kubadilika. Asubuhi ubaridi, mchana manyunyu, jioni radi, kesho yake jua la kuchoma ngozi. Na kila siku ndani ya daladala utasikia utani ule ule: "Hawa jamaa wa hali ya hewa wakisema mvua, wewe anika nguo."

Abiria wote hucheka. Mimi naona wakati umefika wa kukiacha kicheko hiki, na nina sababu zangu.

Tuanze na neno lenyewe. Tunauita "utabiri", neno lile lile tunalolitumia kwa mnajimu na ukurasa wa nyota gazetini. Ndiyo maana tunaupima kama tunavyompima mganga: kasema mvua, haikunyesha, basi muongo. Lakini Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) haipigi ramli. Inasema uwezekano wa jambo kutokea ni mkubwa kiasi gani. Ukiambiwa kuna uwezekano wa mvua na isinyeshe kwako, hujadanganywa.

Halafu hayo "maeneo machache" tunayoyacheka ndiyo maneno ya kweli kuliko yote. Mvua za masika huja na ukanda mvua, pale upepo wa kaskazini unapokutana na wa kusini, na ukanda huo hulifuata jua kuelekea kaskazini kati ya Machi na Mei. Ukanda wenyewe ni mpana, ila mawingu ndani yake yamekaa vipande vipande. Tegeta inaweza kuloa chapachapa huku Mbagala wanafagia vumbi. Mtaalamu anauona ukanda, halioni paa la nyumba yako. Na taarifa inayosema "mkoa wa Pwani" inazungumzia eneo la kutoka Bagamoyo hadi Rufiji, na kisiwa cha Mafia juu yake. Sasa wewe uliye Kibaha unataka utajiwe saa ngapi utoe nguo kambani?

Tazama na tarakimu. TMA ikisema "mvua kubwa" huwa inamaanisha zaidi ya milimita 50 ndani ya saa 24. Milimita 50 ukiitazama kwenye rula ni urefu wa kidole, haimtishi mtu. Lakini milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita 10 kwa 10 litapokea lita 5,000 kwa siku hiyo moja, yaani matenki matano ya lita elfu moja. Zidisha kwa mapaa yote kuanzia Pugu mpaka Kigogo, ongeza lami na sakafu za saruji ambazo hazinywi maji, kisha uniambie yote hayo yanakwenda wapi. Jibu unalijua: Mto Msimbazi. Na Msimbazi ukijaa, Jangwani hapapitiki.

Aprili 2021 tuliambiwa kimbunga Jobo kinakuja pwani yetu. Watu wa mwambao walipewa tahadhari, kisha kimbunga kikaishiwa nguvu baharini. Mitandao ikafanya sherehe ya utani. Ni wachache waliojiuliza kama tulikuwa tunacheka kwa sababu taarifa ilikuwa mbovu au kwa sababu tulinusurika.

Miaka mitatu baadaye, Mei 2024, kikaja Hidaya. Nacho kilipungua nguvu kilipofika Mafia, na wapo walioanza kusema "yale yale ya Jobo". Lakini mvua zake ziliishukia mikoa ya kusini, na barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ikakatika eneo la Somanga. Boti za kwenda Zanzibar zilikuwa zimesitishwa kabla upepo haujafika. Hakuna anayeweza kukuhesabia watu ambao hawakufa kwa sababu hawakupanda boti siku ile. Hilo ndilo tatizo la tahadhari: ikifanya kazi yake vizuri, huonekana kama haikuwa na kazi.

Najua hoja mtakayonirudishia. Mtasema utabiri ukiwa mzuri namna gani, watu bado wanakufa. Kweli. Desemba 2011 mafuriko ya Dar es Salaam yaliua watu zaidi ya 40. Agosti 2023 TMA ilitangaza kwamba vuli ile ingekuwa na El Niño, na tarehe 3 Desemba tope kutoka Mlima Hanang likaifunika Katesh. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Taarifa ya msimu haiwezi kukutajia mlima wala siku.

Lakini hapo ndipo nilipotaka tufike. Tukiendelea kumsimanga mtabiri, tunamwachia aliyepaswa kuchukua hatua baada ya utabiri. TMA hutoa maonyo yake kwa ngazi tatu: angalizo kwa rangi ya njano, tahadhari kwa rangi ya chungwa, na tahadhari kubwa kwa nyekundu. Huandika pia uwezekano wa jambo kutokea na ukubwa wa athari zake. Kazi ya wataalamu inaishia hapo. Sasa nauliza: rangi ya chungwa ikitoka leo saa tisa alasiri, mwenyekiti wa serikali ya mtaa kule bondeni anatakiwa afanye nini ifikapo saa kumi na mbili? Shule gani inafunguliwa watu walale? Nani ana ufunguo? Nani anapita na kipaza sauti, na nani anambeba bibi asiyeweza kutembea?

Kama majibu hayajulikani kabla mvua haijaanza, onyo hilo ni la wenye magari tu. Wewe na mimi tukilisikia tunabadilisha njia au tunaomba kufanyia kazi nyumbani. Mama mwenye chumba kimoja pembeni ya Msimbazi analisikia onyo lile lile, anatazama godoro, jiko na watoto, na hana pa kwenda. Mnamwita mbishi. Kwenda wapi, na nani atamlindia vitu vyake?

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo na halihitaji rada mpya. Kila mtaa wa bondeni uwe na karatasi moja iliyobandikwa ofisini, msikitini na kanisani: njano tunafanya hivi, chungwa hivi, nyekundu hivi, na jina la mhusika mbele ya kila kazi. Na sisi wa magazeti tuache kuishia na majina ya mikoa. Tutaje na mabonde.

Masika ni rafiki wa mkulima, na ubaridi wake ni pumziko baada ya joto la Februari. Sina ugomvi nayo. Ila ukisikia tena "maeneo machache" na ukaona jua linawaka mtaani kwako, kumbuka kwamba hayo maeneo machache yapo, na yana watu. Kabla hujacheka, muulize mwenyekiti wa mtaa wako hiyo karatasi iko wapi.

Au nyie mnasemaje?