Jina la Ugonjwa katika Kumbukumbu za Kale

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Ndivyo ilivyo kwa maradhi: mlipuko usioandikwa husahaulika, na ulioandikwa mahali pasipojulikana huwa kama haukuandikwa. Siku hizi majarida na vitabu vingi vya tiba vya karne ya 19 vimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa, na husomwa bila malipo katika hifadhi za intaneti kama vile PubMed Central, Wellcome Collection na Internet Archive. Ni kosa kudhani kwamba kuzipekua ni kazi ya wanahistoria peke yao.

Mfano mmoja unatosha. Anayetafuta maneno "dengue" na "Tanzania" atapata taarifa za milipuko ya Dar es Salaam ya mwaka 2014 na 2019, lakini atayakosa mengi ya kale, kwa kuwa jina Tanzania lenyewe limeanza mwaka 1964. Akiandika "Zanzibar" na "kidinga pepo", atafika kwenye makala ya James Christie, tabibu aliyefanya kazi kisiwani humo, iliyochapishwa katika British Medical Journal mwaka 1872. Humo mna habari za mlipuko wa homa, vipele na maumivu makali ya viungo. Wazee wa mji waliutambua, kwani ugonjwa kama huo ulikwisha kupita karibu mwaka 1823.

Je, ulikuwa dengue? Mwaka 1971 mtafiti D. E. Carey alitoa hoja kwamba huenda ulikuwa chikungunya, ugonjwa uliotambuliwa baada ya mlipuko wa mwaka 1952 katika nyanda za Wamakonde, na ambao jina lake la Kimakonde humwonyesha mgonjwa aliyejikunja kwa maumivu. Hakuna damu iliyohifadhiwa ya kulimaliza suala hilo. Fundisho ni kwamba ugonjwa ulioitwa kwa jina fulani zamani si lazima uwe ule wenye jina hilo leo.

Hivyo basi, mtafutaji atumie majina ya wakati ule, ya maradhi na ya mahali. Kifua kikuu, kwa mfano, kiliandikwa mara nyingi "phthisis". Ajaribu pia tahajia mbalimbali, maana kompyuta huzikisia herufi kutoka kwenye picha, na hukosea. Akishapata neno, afungue picha ya ukurasa wenyewe na kusoma yaliyotangulia na yanayofuata. Tena, matibabu yaliyomo ni historia, wala si maagizo ya daktari: vitabu vya enzi hiyo viliagiza hata dawa za zebaki, ambayo ni sumu. Mgonjwa asijitibu kwa kurasa hizo.

Lililo kubwa zaidi linahusu faili linaloandikwa leo. Makala ya 1872 hupatikana kwa neno "kidinga pepo" kwa sababu Christie aliliandika neno la wenyeji kama alivyolisikia, pamoja na dalili zake. Mgonjwa wa leo anayeeleza kuwa viungo vinamuuma wiki kadhaa baada ya homa kupoa, kisha akaandikiwa "homa" tu, hupoteza mara mbili. Yeye huenda akapewa tena dawa ya malaria asiyoihitaji, na mtafiti wa miaka mia ijayo hatakuwa na neno la kumwongoza.

Vyuo vya tiba vingefanya vema kufundisha upekuzi wa kumbukumbu za kale sambamba na utafutaji wa makala mpya. Mhudumu aliyewahi kuhangaika kutafuta dalili moja katika maandishi ya kale atajua kwa nini maneno ya mgonjwa, kwa lugha yake mwenyewe, yanastahili nafasi kwenye faili kando ya majibu ya maabara. Naye mgonjwa asione haya kuyasema yote.