Kabla ya kulipia LSD, dai jeki

KAULI YA NG'AMBO
Na Athman Mwinyikai

Masika yakikolea mwezi wa Mei, gari hukwama kwa namna ambayo kila mkazi wa Likoni, Kisauni na Changamwe anaijua. Tairi moja ya nyuma inazunguka kwa kasi na kurusha tope, ya pili imetulia kana kwamba haimo, na gari haliendi popote. Hapo ndipo sifa ya LSD inapopata soko. Pikapu ikitangazwa kuwa na difu ya LSD, ile inayozuia tairi moja kuteleza peke yake, broka hukaza bei, mnunuzi hukubali, wala hapana anayeinama kutazama chini ya gari. Mimi nasema sifa hiyo isilipiwe hata shilingi moja mpaka gari lipandishwe jeki. Kibandiko huhamishwa, tangazo huandikwa na yeyote, na difu yenyewe huenda ilishabadilishwa gereji zamani.

Difu ipo kwa sababu gari linapokata kona, tairi ya nje husafiri mwendo mrefu kuliko ya ndani. Difu ya kawaida inalimaliza hilo vizuri, lakini ina dosari moja: hugawa nguvu sawa pande zote mbili. Upande uliozama topeni hauwezi kupokea nguvu ya maana, kwa hivyo na ule ulio pakavu hupata kidogo vilevile. LSD iliyozoeleka kwenye pikapu na malori madogo huongezewa sahani za msuguano, ambazo hubana ekseli mbili zisiachane mno mwendo. Kwa macho, kutoka nje, aina hizi mbili hufanana.

Kuzitofautisha si kazi ya siku nzima. Gari linaloendeshwa kwa magurudumu ya nyuma liwekwe penye sakafu ngumu iliyo sawa, tairi za mbele zitiwe kabari, kisha nyuma iinuliwe yote na kukalishwa juu ya stendi mbili, si juu ya jeki peke yake. Injini izimwe, gia iachwe imeingia, au P kama ni otomatiki, na breki ya mkono ifunguliwe. Sasa tairi moja izungushwe kwa mkono. Ikikubali kwa wepesi na mwenzake akaenda kinyume, hiyo ni difu ya kawaida, hata kama tangazo linasema vingine. Ikigoma, kuna kitu ndani kinachozishikanisha, na hapo fundi asiharakishe kusherehekea. Kuna difu zilizochomelewa kwa welding, nazo hugoma pia. Tofauti hutokea ukitia nguvu ya spana ndefu: LSD ya sahani itasogea kwa shida, iliyochomelewa haitasogea kabisa. Na jambo la usalama lisilo na mjadala: asiwepo wa kuwasha injini na kutia gia huku tairi moja tu iko juu. Kwenye gari la LSD, tairi iliyobaki chini hulivuta gari likatoka kwenye jeki, na fundi yuko uvunguni.

Mwenye yadi atajibu kwamba gari limekaguliwa Japani kabla ya kupakiwa melini kuja Kilindini. Ni kweli, na kiwango cha Kenya cha KS 1515 pia hakiruhusu kuingiza nchini gari lililozidi miaka 8. Lakini ukaguzi huo ni wa usalama na umri wa gari. Haukuwekwa kuthibitisha sifa anazozitumia muuzaji kupandishia bei. Fundi naye ana pingamizi lake, lenye uzito zaidi: kipimo cha jeki hukosea. Sahani zikilika, LSD hujibu kama difu ya kawaida. Torsen, inayotumia gia za mfano wa skrubu badala ya sahani, nayo huachia tairi zizunguke kinyume zikiwa hewani bila mzigo. Nakubali yote mawili. Ila kwa anayetoa pesa, LSD iliyolika ni difu ya kawaida kwa kila hali, na alipie hiyo. Kama muuzaji anadai ni Torsen, basi aonyeshe bamba la gari. Kwenye Toyota huwa kuna mstari wa namba za gia na ekseli, na duka la vipuri lenye katalogi litazisoma.

Wengine huonyesha kitufe kwenye dashibodi na kusema, si hii hapa Auto LSD? Mfumo huo wa Toyota hufanya kazi kwa breki: kompyuta huikamata tairi inayoteleza ili nguvu iende upande wa pili, na difu hubaki ileile ya kawaida. Unasaidia kweli, siudharau, lakini hutegemea sensa na breki zilizo nzima. Usiuzwe kwa bei ya sahani.

Pingamizi linalonigusa zaidi ni la lami. Barabara ya Dongo Kundu sasa inaunganisha Miritini na Likoni, kwa hivyo ya nini LSD? Kwa mwenye Probox ya kwenda kazini, hakuna sababu; pesa hizo anunue tairi zenye meno. Wanaoihitaji ni wenye pikapu na Canter, wanaoiacha lami na kuingia na mzigo kwenye mchanga wa Likoni ndani, au kwenye udongo unaonata wa upande wa Changamwe. Na ndio haohao wanaoumizwa na sifa ya uongo. Wakishaipata LSD ya kweli, waitilie oili iliyoandikwa LSD kwenye kopo, kwa sababu oili ya kawaida huzifanya sahani zitetemeke na kunguruma kwenye kona kali, na hatimaye huziharibu.

Wewe unayekwenda yadi wiki hii, nenda na fundi wako, mwambie muuzaji alete jeki na stendi mbili. Akikataa, zungumzeni bei ya difu ya kawaida, au uondoke.