Vidanje ya pikapu: tuhesabu saa za kazi, si kilomita tu

Katika magaraje ya Butembo kuna swali moja ambalo halikosi: vidanje ya pikapu ya mazutu inafanywa kisha kilomita ngapi? Mmoja anasema 3,000, mwingine 5,000. Mwenye kusoma kitabu cha motokari iliyouzwa Ulaya anasema 15,000. Na kuna wale ambao hawahesabu kitu: mafuta yakipunguka wanaongeza litre moja, safari inaendelea.

Kila mmoja anatetea idadi yake sawa vile anatetea timu yake ya mpira. Lakini mabishano hayo yanaacha pembeni jambo la maana. Kwenye barabara zetu, kilomita ni kipimo kinachodanganya. Moteri inachoka kwa saa za kazi. Na mtu anayepashwa kuhesabu saa hizo, kisha kulipa, si shofere. Ni mwenye motokari.

Tuanze na kazi ya mafuta yenyewe. Mafuta ya moteri yanalainisha vyuma visisuguane, yanapunguza joto, yanabeba uchafu kuupeleka kwenye filtre, na yanapigana na asidi. Moteri ya mazutu inatoa masizi mengi. Ndiyo sababu mafuta mapya yanakuwa meusi siku chache tu kisha vidanje. Weusi huo peke yake si ugonjwa. Ni alama kwamba mafuta yanaosha. Shida inaanza wakati masizi yamezidi, mafuta yamekuwa mazito, na dawa zilizochanganywa ndani kiwandani zimeisha. Salfa iliyo ndani ya mazutu, ikiungua, inazaa asidi. Dawa zikiisha, asidi inaanza kula vyuma vya ndani. Siku hiyo hautasikia kelele yoyote. Kelele inakuja kisha miezi, na hapo fundi hana tena cha kuokoa.

Wale wanaosema 15,000 hawasemi uongo. Lakini wasome ukurasa wote. Viwanda vingi vya magari vinaandika idadi mbili: moja ya kazi ya kawaida, nyingine ya kazi nzito. Ile ya kazi nzito mara nyingi ni nusu ya ile ya kwanza, ao hata chini ya nusu. Na kazi nzito ni nini? Barabara ya vumbi ao matope, mizigo mingi, kupanda milima polepole, safari fupi fupi, moteri kuwaka muda mrefu huku motokari imesimama. Soma tena orodha hiyo, kisha utazame Hilux inayotoka Lubero na magunia ya viazi, watu wakiwa wameketi juu ya magunia. Ni kama waandishi wa kitabu walikuwa wamesimama hapa kwetu.

Sasa tufanye hesabu. Watu wa Butembo wanajua grupe vizuri, kwa sababu tumeishi miaka mingi kwa umeme wa grupe. Grupe haina kilomita. Nyingi za mazutu, zile za kiasi kikubwa, zinafanyiwa vidanje kila saa 250 za kazi, na hakuna mtu anayebisha. Basi tuchukue saa hizo 250 tuziweke kwenye pikapu. Kwenye barabara nzuri, ikitembea kwa wastani wa kilomita 40 kwa saa, saa 250 ni kilomita 10,000. Kwenye barabara ya kawaida ya kwetu, wastani wa kilomita 20 kwa saa, ni kilomita 5,000. Wakati wa mvua, kwenye njia ya matope kuelekea Manguredjipa, ambako motokari inashinda kwenye vitesi ya kwanza na ya pili, ikikwama na kusukumwa, wastani unaweza kushuka hadi kilomita 10 kwa saa. Hapo saa 250 ni kilomita 2,500 tu.

Moteri ni ile ile, mafuta ni yale yale, lakini mmoja anapashwa kufanya vidanje kwa 2,500 na mwingine kwa 5,000. Wote wawili wana haki. Anayekosea ni yule anayechukua idadi ya barabara moja na kuipeleka kwenye barabara nyingine.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili. Pikapu inayofanya kazi kati ya Butembo na Beni, karibu kilomita 54, na mizigo ya kiasi, isipite 5,000. Inayoingia kwenye matope na mizigo mizito, isipite 3,000, na wakati wa mvua nyingi ishuke hadi 2,500. Inayolala sana nyumbani ifanyiwe vidanje kila miezi sita hata kama haikutembea, kwa sababu mafuta yanazeeka yakiwa yamekaa. Na ile ambayo kontere yake ya kilomita imekufa? Hizo ni nyingi, kwa sababu motokari nyingi zinatufikia zikiwa zimekwisha kutumika kwingine, zikipitia Mombasa, Uganda na mpaka wa Kasindi. Hesabu siku. Pikapu inayofanya kazi saa 8 kila siku inamaliza saa 250 kwa mwezi mmoja hivi. Na ukinunua motokari iliyotumika, fanya vidanje mara moja, bila kuuliza ile ya mwisho ilikuwa lini.

Kuna wenye motokari watakaosema: feza zitatoka wapi? Swali hilo ni la haki. Hilux yenye moteri ya 2KD ao 1KD inahitaji karibu litre 7, na Land Cruiser ya 1HZ inahitaji zaidi. Pamoja na filtre, si feza kidogo. Lakini tulinganishe na kitu kinacholingana nayo. Vidanje iliyorukwa haiokoi bei ya vidanje; inakopa kwenye bei ya moteri. Moteri ikifa, utanunua nyingine iliyotumika, ambayo haujui ilitunzwa namna gani, utalipa mafundi, na motokari itakaa majuma bila kuingiza hata franka moja.

Hapa ndipo penye kidonda chenyewe. Motokari nyingi zinafanya kazi kwa mapatano ya mdomo. Shofere anapashwa kuleta feza ya kila siku, ile tunaita verseman. Isipotimia, anaulizwa maneno makali, ao anapoteza kazi. Lakini katika mapatano hayo hakuna neno juu ya vidanje. Shofere akisema mafuta yamechoka, anajibiwa: malizia juma hili kwanza. Juma hilo linazaa lingine. Siku moteri inapopasuka, kosa linawekwa juu ya kichwa cha shofere, wakati feza za mafuta hazikuwa mikononi mwake hata siku moja. Huo si utunzaji wa mali, na si haki.

Tena, si mali peke yake. Juu ya pikapu hizo kuna mama anayepeleka maharagi sokoni, mgonjwa anayetafuta hospitali, mwanafunzi anayerudi nyumbani. Motokari ikizimika katikati ya njia jioni, wao ndio wanaolala pale. Na kila mtu wa eneo letu anajua kwamba barabara zetu si mahali pa kulala. Abiria analipa nauli. Hawezi kufungua moteri kutazama mafuta. Anaamini kwamba mwenye motokari alifanya sehemu yake.

Kisha kuna namna ya kufanya vidanje yenyewe, maana vidanje mbaya inafanana na kutofanya. Kuongeza mafuta si kubadilisha: litre moja safi juu ya litre sita chafu inakuwa litre saba chafu. Filtre ya mafuta haioshwi na mazutu ili irudishwe. Ni karatasi, na ikiziba, kuna kijilango ndani kinachofunguka na kuacha mafuta machafu yapite moja kwa moja kwenye moteri. Mafuta yamwagwe moteri ikiwa bado na joto, ili masizi yatoke pamoja nayo. Kwenye bidoni tafuta alama ya API inayoanza na herufi C, kwa mfano CH-4 ao CI-4, kwa kuwa C ni ya mazutu na S ni ya esanse. Kwa moteri hizi za zamani, 15W-40 inafaa hali ya hewa ya kwetu. Na bidoni iwe imefungwa vizuri, ufunguliwe mbele ya macho yako. Mafuta ya bei rahisi yanayouzwa kwa kipimo cha chupa hayana jina wala baba.

Tusisahau pia mazutu tunayonunua kwa Kadhafi pembeni ya barabara. Wanatusaidia, na mara nyingi hakuna mwingine. Lakini bidoni iliyopita mikono mingi inaweza kuwa na maji na mchanga. Anayetumia mazutu hayo kila siku asijifananishe na mwenye kunywesha kwenye stesheni nzuri. Achague idadi ndogo. Na kama kwenye kile chuma cha kupimia mafuta unaona rangi ya maziwa, kuna maji ndani. Kama mafuta yanapanda badala ya kupunguka, mazutu yanavuja ndani ya moteri. Hapo usiongeze kitu, usisafiri. Muite fundi.

Siungi mkono pia wale wanaobadilisha kila kilomita 1,000 juu ya woga. Hiyo ni kumwaga feza, na mafuta machafu zaidi yanaishia kwenye mifereji hadi mto Kimemi. Kipimo kizuri ni kile kinachofuata kazi.

Ninaloomba halihitaji sheria ya mkoa wala mkutano wa viongozi. Kila pikapu iwe na daftari ndogo: tarehe, kilomita kama kontere inafanya kazi, saa za safari ya siku, mafuta yaliyowekwa, jina la fundi. Shofere aandike kila jioni, mwenye motokari atie sahihi kila juma. Na katika verseman ya kila siku, sehemu iwekwe pembeni kwa ajili ya vidanje, isiguswe kwa kazi nyingine. Vyama vya mashofere vinaweza kuweka sharti hilo katika mapatano kabla ya mwanachama kukubali kushika usukani.

Mwenye motokari anayeuliza kila jioni "umeleta ngapi?" aongeze swali la pili: "moteri imefanya saa ngapi?"