Hakuna krashi ya "ovyo ovyo"

Leo nimeamua kugombana na watu, kwa hivyo kama unapenda amani funga ukurasa huu mapema. Nimechoka kusikia sentensi moja: "Huu mchezo hukrashi tu ovyo ovyo, hauna sababu." Jamani! Tarakilishi haiamki na kisirani. Ikianguka, kuna kitu kimeiangusha, na mara nyingi kitu hicho kimeacha nyayo.

Mpwa wangu ana miaka 13 na ni mgonjwa wa Pokémon, hasa ile michezo inayotengenezwa na mashabiki wenyewe. Mingi imejengwa juu ya RPG Maker XP, programu ya mwaka wa 2004, pamoja na kifurushi kiitwacho Pokémon Essentials. Mmoja ukaanza kumfia mikononi. Leo mara mbili, kesho hapana, keshokutwa tena. Dada yangu akapeleka mashine kwa fundi, naye bila hata kuufungua huo mchezo akatamka: RAM. Shilingi 3,500. Mchezo ukaendelea kufa. Safari ya pili dawa ikawa kali zaidi: tufomati, tuweke Windows upya.

Hapo ndipo nikapigiwa simu, na namshukuru Mungu.

Swali langu la kwanza kwa kijana: kabla haujajifunga, huwa unakuandikia nini?

"Huwa kuna kiboksi, mjomba, lakini mimi hubonyeza OK tu."

OK tu! Wiki tatu nzima hakuna aliyekisoma kile kiboksi. Si yeye, si mamake, si fundi aliyelipwa.

Tukakisoma. Kilisema skripti imekwama. Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penye utamu. RPG Maker XP ina mlinzi wake: skripti ikikaa sekunde 10 bila kuita Graphics.update, mtambo huamua kwamba imepotelea kwenye kitanzi kisicho na mwisho na kuifunga kwa nguvu. Wazo si baya. Ila mlinzi huyo hawezi kutofautisha skripti iliyopotea na skripti inayosubiri diski inayojikokota.

Nikampa kijana daftari. Andika saa, andika uko mji gani, andika kama ndiyo mara ya kwanza kuingia hapo tangu uwashe mashine. Baada ya siku nne tulikuwa na krashi tano, zote mji uleule, zote mara ya kwanza baada ya kuwasha. Akiufungua mchezo tena, anapita bila shida. Mbona? Kwa sababu mara ya pili Windows haihitaji kurudi kwenye diski: mafaili yale bado imeyashikilia kwenye RAM. Yale maneno ya "ovyo ovyo" yakaishia hapo.

Likabaki swali moja. Diski gani hii inayochukua zaidi ya sekunde 10 kusoma mafaili ya mji mmoja? Nikatazama taarifa za SMART, zile ambazo diski hujiandikia yenyewe kuhusu afya yake. Sekta mbovu zilizohamishwa zilikuwa nyingi, na nyingine zilikuwa foleni. Diski ilikuwa inakata roho. Na ndani yake mlikuwa na picha za marehemu mama yetu, nakala pekee tuliyo nayo. Hiyo ndiyo diski fundi alitaka kuifomati.

Sasa mnaielewa hasira yangu.

Kuna watakaosema kosa ni la michezo ya mashabiki, eti ni takataka. Si kweli. AM2R ilimchukua Milton Guasti wa Argentina karibu miaka kumi, akaitoa Agosti 2016, na ni kazi inayoaibisha makampuni mengi. Nintendo ilituma notisi za hakimiliki siku chache tu baadaye, na kufikia Septemba mwenyewe akaacha kuiendeleza. Mashabiki wengine wakaibeba. Ndiyo hali ya michezo hii: aliyeandika msimbo huenda haruhusiwi hata kuusahihisha, kwa hiyo mchezaji asipojifunza kusoma ushahidi, hakuna wa kumsomea.

Lakini sisi waandishi wa programu nasi tuna dhambi zetu. Nimewahi kuandika rescue tupu kwenye Ruby, yaani kosa likitokea limezwe kimya kimya, kwa sababu nilitaka kulala. Afadhali programu ife ikiandika wosia. Essentials hufanya hivyo vizuri: hukuachia faili iitwayo errorlog.txt, yenye jina la skripti na mstari uliokosea. Ifungue!

Na mchezo ukifa bila neno lolote, nenda Event Viewer ya Windows, sehemu ya Application, utafute tukio nambari 1000. Litakutajia moduli iliyoanguka. Msimbo c0000005 maana yake ni kwamba programu imegusa kumbukumbu isiyoruhusiwa. Moduli ikiwa ileile kila mara, anza nayo. Pengine ni draiva ya kadi ya picha. Zikibadilika kila siku, tena kwenye programu tofauti tofauti, hapo ndipo nitakubali kuishuku RAM. Hata hivyo iache MemTest86 ikimbie usiku mzima kabla hujatoa senti. Na anayekwambia uzime antivairasi yote ili uendeshe faili uliyopakua usikokujua, mwambie aanze na mashine yake.

Picha tulizinakili kwanza, kabla ya jambo lingine lolote. Kumi na moja hazikusomeka. Mchezo sasa uko kwenye SSD na mji ule unafunguka kwa sekunde mbili. Fundi amekataa kurudishiwa RAM yake.

Jana jioni kijana kanipigia simu. "Mjomba, kuna kiboksi kingine kimetokea. Nikusomee?"