Maumivu ya Mtoto Si Hukumu kwa Imani ya Mama

Jumapili iliyopita, katika ibada moja hapa Dar es Salaam, mhubiri mgeni alimwita mbele mama aliyekuja na mwanawe mwenye selimundu. Mtoto alikuwa ametoka wodini siku chache tu zilizopita. Macho yake yalikuwa ya manjano, na mkononi bado alikuwa na plasta pale ilipokaa sindano ya dripu. Mhubiri akamwekea mikono kichwani, akaomba kwa sauti kubwa, kisha akamuuliza kama maumivu yameondoka. Mtoto akasema ukweli: mguu bado unauma. Hapo mhubiri akamgeukia mama. Akamwambia, kipaza sauti mkononi, mbele ya kanisa zima, kwamba Mungu amekwisha kufanya sehemu yake, kilichopungua ni imani ya mama, na kwamba katika nyumba yao ipo laana ya ukoo ambayo haijavunjwa. Watu wakaitikia amina.

Amina ya nini? Tumeitikia nini hasa? Mama amekesha wodini akimkanda mtoto miguu, amekopa nauli, ameacha biashara yake, halafu anakuja nyumbani kwa Mungu kutafuta nguvu na anarudi na kesi ya kujibu. Alikuja na mzigo mmoja, tukamwongezea wa pili. Na huu wa pili ni mzito kuliko wa kwanza, maana ugonjwa unamtesa mtoto, lakini maneno yale yanamwambia mama kwamba anayemtesa mtoto ni yeye.

Imani hii ya kwamba anayeamini sawasawa hapati shida, na mwenye shida ana kasoro katika kuamini kwake, imekuwa ya kawaida mno kwetu. Utaisikia msibani, utaisikia wodini saa ya kuona wagonjwa, utaisikia kwenye ibada za nyumba kwa nyumba. Mtu amefukuzwa kazi, anaulizwa kama anatoa zaka. Mwanamke hajapata mtoto, anaulizwa ana siri gani. Baba amepooza, watu wananong'ona kuhusu mizimu ya kwao. Nasema wazi: fundisho hili ni uongo, ni ukatili, na wala si la Kikristo.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Selimundu hurithiwa. Baba akiwa na kinasaba kimoja cha selimundu na mama akiwa nacho kimoja, kila mimba wanayoipata ina uwezekano wa moja kwa nne wa kuzaa mtoto mwenye ugonjwa. Wazazi wenyewe wanaweza kuwa wazima kabisa, hawajawahi kuumwa, hawajui wamebeba nini. Hesabu hiyo ni ile ile kwa shemasi na kwa mlevi, kwa aliyebatizwa kwa maji mengi na kwa aliyebatizwa kwa maji machache, kwa Mwislamu na kwa asiye na dini. Kinasaba hicho kimeenea sana kwetu, ukanda wa Pwani na Kanda ya Ziwa, kwa sababu mtu aliyerithi kimoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Babu zetu waliishi penye mbu, waliokuwa na kinasaba hicho wakasalimika, wakazaa, nasi tukarithi. Inakadiriwa kwamba kila mwaka hapa Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu. Mhubiri atuambie, hao 11,000 wote mama zao wameshindwa kuamini?

Na kama hataki kusikia habari za vinasaba, basi afungue Biblia yake mwenyewe. Katika Injili ya Yohana, sura ya 9, wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu, na wanamuuliza Yesu swali lile lile la mhubiri wetu: nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake? Swali la laana ya ukoo lina umri wa miaka 2,000. Jibu nalo lina umri huo huo: si yeye, wala si wazazi wake. Yesu alikwisha kulifunga faili hilo. Sisi ndio tunaolifungua kila Jumapili na kumwita mama mwingine asimame kizimbani.

Tukiendelea, kipimo cha wanaofundisha hivi kinawaangusha watakatifu wote. Paulo alichapwa, alipigwa mawe, alivunjikiwa na meli mara tatu, na alipoomba mara tatu aondolewe mwiba uliomsumbua mwilini, hakuondolewa. Imani yake ilikuwa ndogo? Timotheo alisumbuliwa na tumbo, na Paulo hakumwambia avunje laana ya bibi yake. Alimshauri atumie mvinyo kidogo, ambao zama zile ulitumika kama dawa. Trofimo aliachwa Mileto akiwa mgonjwa, na aliyemwacha ni mtume yule yule ambaye leso zake ziliwahi kupelekwa kwa wagonjwa wakapona. Nabii Elisha alikufa kwa ugonjwa, na baada ya kuzikwa mifupa yake ikamfufua maiti aliyeigusa. Mtu ambaye hata mifupa yake ina nguvu ya kufufua, naye tuseme alikufa kwa kukosa imani?

Wakibanwa hapo hukimbilia jibu moja: lakini Yesu aliponya, na aliwaambia watu imani yao imewaponya. Kweli, aliwaambia baadhi. Lakini pale kwenye birika la Bethzatha palikuwa na wagonjwa wengi wamelala, na habari tuliyoandikiwa ni ya mmoja tu aliyeinuliwa, na huyo mmoja hakumjua hata aliyemponya ni nani. Imani yake ilikuwa wapi? Halafu mhubiri aliyesema maneno yale Jumapili alivaa miwani. Alisoma andiko kwa miwani, akamlaumu mama kwa miwani, akashuka madhabahuni na miwani yake. Macho yake yakififia ni umri, mtoto wa mwenzake akiumwa ni laana. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mimi naamini Mungu huponya. Naomba, na nimeona watu wakiombewa wakainuka. Ninachokataa ni kumgeuza Mungu kuwa mdaiwa ambaye halipi mpaka mama alie kwa kiwango fulani.

Na fundisho hili lina wanaonufaika nalo. Ukishamwaminisha mtu kwamba shida yake ni upungufu wa imani, unaweza kumuuzia nyongeza: mafuta ya upako, maji, leso, stika ya mlangoni, na sadaka maalumu ya kupanda mbegu, namba ya kutuma pesa ikipita chini ya kioo cha televisheni. Wanawake wanaodaiwa mikopo ya kausha damu, waliokwisha kunyang'anywa jokofu na godoro, wanahimizwa kupanda mbegu ya elfu hamsini ili deni liyeyuke. Deni haliyeyuki. Linaongezeka kwa elfu hamsini. Tarehe 1 Februari 2020 watu 20 walikufa pale viwanja vya Majengo, Moshi, katika msongamano wa kukimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Walikwenda kutafuta ahueni ya shida zao, wakarudishwa makwao kwenye majeneza. Tulilia wiki moja, kisha mafuta yakaendelea kumwagwa.

    

Sasa niwaambie imani niliyoiona mimi. Mama yule wa Jumapili ni jirani yangu. Huamka saa tisa usiku, akawasha jiko la mkaa uani, akachanganya unga wa mchele aliouloweka na kuusaga jana yake, na kufikia saa kumi na moja vitumbua vya kwanza viko kwenye ndoo, vimefunikwa kwa kitambaa cheupe. Kabla hajatoka humvisha mwanawe sweta, hata mwezi wa Januari ambapo Dar es Salaam yote inatiririka jasho, kwa sababu ubaridi wa alfajiri unaweza kumuamshia maumivu. Humjazia chupa ya maji ya lita moja na kumwagiza aimalize kabla ya saa nne, kwa kuwa mwili wake ukikauka chembe za damu hujikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo. Humpa kidonge cha foliki asidi, na akipata pesa humnunulia na haidroksiyurea. Tarehe za kliniki ameziandika kwa mkaa ukutani, juu ya pipa la maji. Kisha husimama mlangoni, akaweka mkono kichwani kwa mtoto, akaomba sala fupi ambayo hata mimi ninayeishi upande wa pili wa ukuta siisikii, akajitwika ndoo akaenda.

Siku moja nilimuuliza huwa anaomba nini. Akaniambia anaomba siku ya leo tu. Ya kesho ataiomba kesho.

Huyo ndiye tuliyemwambia hana imani.

Ukristo haukuwahi kutuahidi maisha yasiyo na usiku. Ulituahidi kwamba hatutakuwa peke yetu usiku huo, na hiyo ndiyo inayompa mtu ujasiri wa kuamka saa tisa. Mtu anayejua kwamba Mungu aliyemwamini alisulubiwa, akaona kiu, akalia kwa sauti, hashangai akipatwa na maumivu. Anayapa maumivu nafasi yake, hayapi kiti cha enzi. Anajua mtoto ni zaidi ya ugonjwa wake, deni ni dogo kuliko uhai, na siku mbaya ina machweo kama siku nyingine. Huko ndiko kuyaona mambo kwa ukubwa wake halisi, na hilo mafuta ya chupa hayampi mtu.

Wanaofundisha kwamba imani ni kinga ya mateso wasimame mbele ya kumbukumbu ya Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda waseme hivyo. Mwaka 1977 yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin kupinga mauaji na uonevu. Alijua anamwandikia nani. Tarehe 16 Februari alikamatwa, akauawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, na serikali ikatangaza kuwa ni ajali ya gari. Au wapande Namugongo, ambako tarehe 3 Juni 1886 vijana wa ikulu ya Kabaka Mwanga, Charles Lwanga na wenzake, walichomwa moto wakiwa hai. Hao wote hawakuvunja laana zao? Kanisa la Afrika Mashariki limesimama juu ya majivu ya watu ambao wahubiri wetu wa leo wangewaita wenye imani haba.

Na kama unataka kujua mwamini hufanya nini akimwona mwenzake kwenye shida, soma Yeremia sura ya 38. Nabii ametupwa kwenye shimo la maji lisilo na maji, anazama matopeni. Ebedmeleki Mkushi, mwanamume Mwafrika aliyetumikia nyumba ya mfalme, hakwenda kwenye ukingo wa shimo kumuuliza nabii amekosea wapi. Alikwenda kwa mfalme kuomba ruhusa, akachukua watu, akatafuta kamba, kisha akapita ghalani kuokota matambara makuukuu ili Yeremia ayaweke makwapani, kamba zisimchubue wakati wa kumvuta. Hebu tafakari matambara hayo. Mtu aliwaza mpaka ngozi ya makwapa ya mwenzake. Uchungaji ni huo. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na rafiki huja na kamba na matambara.

Kwa hiyo, mchungaji unayesoma hapa, nakusihi: usimkabidhi mgeni kipaza sauti akawachubue kondoo wako. Akishasema maneno kama yale, simama papo hapo uyakanushe, mbele ya watu wale wale waliosikia. Kisha tafuta mganga wa zahanati iliyo jirani aje baada ya ibada kuwaeleza vijana wanaotaka kuoana jinsi selimundu inavyorithiwa na kupimwa. Hilo halipunguzi upako wa mtu.

Na wewe ndugu msomaji, watoto hawa huongezewa damu, na damu haitoki kiwandani, inatoka kwa mtu. Nenda kituo cha damu salama kachangie. Nunua vitumbua vya yule mama na umwachie chenji. Mpeleke mwanawe kliniki siku moja yeye abaki na biashara yake. Na ukisikia mtu akimwambia mgonjwa kwamba angekuwa na imani angepona, usiitikie amina.