Mashine imezimwa, masikio bado yanasaga!

Msomaji wangu, wiki hii sina porojo za mjini. Nakuletea kisa changu mwenyewe, tena cha aibu kidogo.

Hapa Tarakea nimesaga mahindi ya watu kwa miaka 13. Mteja akitaka kuniambia kitu ilibidi anipigie kelele sikioni kama konda anayeita abiria wa Himo. Jioni masikio yakivuma nasema, "Uchovu tu huo." Asubuhi yanatulia. Mpaka siku moja yakagoma.

Ilikuwa saa nane za usiku. Mnaujua usiku wa huku Rombo, ukungu ukishuka kutoka msituni hata mbwa wananyamaza. Nikamwamsha mama watoto: "Nani kaacha redio inakoroma?" Akasikiliza wee, akasema, "Baba, hapa hakuna kitu. Lala." Usiku wa tatu tukagombana. Nikamwambia anataka kunifanya mwendawazimu.

Ushauri nao ukamiminika. Mmoja akasema sikio likilia ujue unasengenywa. Nikawanunia majirani wawili bure. Mwingine akaniletea mafuta ya moto nimimine sikioni. Wa tatu akanivusha mpaka kwenda kwa mganga upande wa Kenya. Nikaacha beberu mzima huko, mlio nikarudi nao, tena haukulipa nauli!

Mwishowe nikapanda gari mpaka KCMC, Moshi, kwenye idara ya masikio. Daktari akachungulia, akanipima usikivu, kisha akauliza: unafanya kazi gani, na umetumia dawa gani? Kumbe kwinini ya malaria huweza kuliza masikio, na mara nyingi hutulia dozi ikiisha. Aspirini nyingi nayo ni hivyo hivyo. Lakini sindano kama streptomaisini na jentamaisini zinaweza kuharibu sikio moja kwa moja. Ukisikia mlio ukiwa kwenye dozi, rudi haraka kwa aliyekuandikia. Usiache dawa kimyakimya.

Mimi mchawi wangu alikuwa mashine. Ndani ya sikio mna chembe zenye vinywele laini zinazopeleka sauti kwenye ubongo. Kelele ya desibeli 85 kwa saa 8 kila siku, mwaka baada ya mwaka, inaweza kuziua, na zikifa haziooti tena. Ubongo ukikosa sauti ulizozoea, unajitungia zake.

"Dawa ya kuufuta hakuna," akanipasulia. Jamani, nilitaka kulia. Akaendelea: "Lakini kuishi nao utaweza. Adui yako ni ukimya na hofu. Ukiusikiliza, unakua."

Basi haya ndiyo ninayoyafanya. Usiku naacha redio kwa sauti ya chini, chini kabisa, sikio lipate mwenzake. Kazini navaa vizibo vya masikio, na kijana wangu nimemlazimisha avae. Nalala mapema, maana siku ya uchovu mlio hupanda. Njiti ya kiberiti sichokonolei tena. Na wewe ambaye usikivu umepungua, uliza kuhusu kifaa cha kusaidia kusikia; wengi kinawatuliza na mlio pia.

Lakini usikae nyumbani ukisoma gazeti endapo mlio uko sikio moja tu, au unadunda sawasawa na mapigo ya moyo, au una kizunguzungu. Na ukiziba sikio ghafla, usingoje wiki iishe. Kimbilia hospitali siku hiyo hiyo!

Majirani nimewaomba radhi kwa kibuyu cha mbege. Mlio upo hata ninapoandika haya, ila siku hizi ni kama kelele za gulioni: nazisikia, napita zangu. Tatizo lililobaki ni mama watoto. Sasa yeye ndiye analalamika kwamba redio haimpi usingizi!

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.