Ukungu wa Lenzi Hutoka, Usiitupe Kamera

Mwandishi aliyeshauri hivi karibuni kwamba kamera ya kukunja ikiingia ukungu kwenye lenzi ibaki pambo la kabati amekosea chanzo, na ushauri wake ni hasara tupu.

Aghalabu kioo chenyewe ni kizima. Grisi kuukuu ya shata hutoa mvuke, ukatanda kwenye nyuso za ndani za vioo. Kamera iliyokaa miaka sandukuni chini ya mabati ya mtaa wa Waberi, katika joto la Garissa, itaukwepa vipi?

Anadai pia kwamba kufuta ni kukwaruza. Kinachokwaruza ni mchanga, basi upulize kwanza kwa kipulizio cha mpira. Tia alama pa kurudishia kioo cha mbele kabla ya kukifungua, kwani kikiingia kwenye uzi usio wake picha zote zitakosa ukali. Kisha futa kwa karatasi ya lenzi na alkoholi ya isopropili, kutoka katikati kwenda ukingoni. Spiriti ya vidonda iache: mara nyingi ina mafuta, nayo huleta ukungu mpya. Kwenye kamera ya kukunja ya Agfa Isolette grisi huganda ikawa gundi ya kijani. Ilainishe, usiikabili kwa koleo.

Nakubali kwamba kuvu ikishakula kioo, alama haifutiki. Lakini fungua shata, mulika tochi kwa nyuma, utazame, ndipo uhukumu. Kuhukumu bila kutazama ni kuwapotosha wasomaji wenye kamera nzima mikononi.